Aliyeitwa Mara Tatu Kortini

Sitaki mtu aniambie ni baridi ya Eldoret iliyonichanganya. Mimi ni wakili wa serikali, kazi yangu ni ushahidi, na haya niliyaona na kuyasikia nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa nimehamishwa kutoka Kisumu. Hata masanduku sijafungua katika nyumba niliyopanga Yamumbi, jioni moja mama mmoja alisimama getini, shali kichwani, gambuti miguuni. Alijitambulisha kuwa Mama Jebet wa Ainabkoi, mlalamishi katika kesi yangu ya kesho. Shemeji yake alimkata kwa panga wakigombania shamba. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia tuonane kortini. Hakuondoka.

"Wakili, kesho utaniita kweli?"

"Nitakuita, Mama. Askari wa korti huita jina mara tatu pale mlangoni. Ukisikia, itika."

Alishukuru akaenda. Baadaye ndipo nilipowaza: mvua imenyesha kutwa, matope ya Yamumbi nayo hayana huruma, mbona gambuti zake zilikuwa safi? Nikajiambia, wewe, lala.

Asubuhi askari aliita mara moja tu akarudi ndani. Mama huyo hajawahi kuja, alisema, na watu husema alihamia Turbo. Wakili wa shemeji akasimama kuomba kesi itupwe. Shemeji mwenyewe, aliyekuwa nje kwa dhamana, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nilikataa. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeahidi. Nikamwomba hakimu jina liitwe mara tatu kama ilivyo desturi.

Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, sauti ikajibu kutoka koridoni, "Niko."

Niamini, korti nzima iligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ila shemeji alikuwa ameshika kizimba kwa mikono miwili.

"Huyo si yeye," alisema. "Huyo nilimzika mwenyewe, kwenye shamba la mahindi."

Polisi walichimba wakampata, gambuti bado miguuni.

Sasa ni kesi ya mauaji, na bado haijasikizwa. Mimi usingizi ulinihama tangu siku hiyo. Nikilala nashtuka, nikikaa nasimama, kila mara nachungulia dirishani. Mwishowe niliomba uhamisho, popote pale. Jioni niliyopeleka maombi ndipo Mama Jebet alipoanza kuita getini, "Wakili." Nyanya yangu alitufundisha kwamba marehemu huita mara moja tu, kwa hivyo usiitike mpaka uitwe tena. Basi kila jioni akaita mara moja, nami nikazima taa nikanyamaza.

Jana aliita mara mbili.

Nawe ukihamishiwa mji wa wageni, usimwahidi mtu kitu getini kabla hujamwangalia miguu. Mimi nimeshachelewa. Akiita mara ya tatu nitaitika, nitafanyaje? Si ni mimi niliyemfundisha kwamba ni mara tatu?