Siku Madam Alinifukuza Jikoni Kwangu

Nyinyi mliokalia magunia ya majani chai, sogeeni kidogo nipate mahali pa kuweka hii mifupa yangu. Lori haiji sasa. Imekwama kwa matope huko chini, na ikifika kabla sijamaliza haya maneno, mje mninyoe nywele hapa hapa mbele ya karani wa mizani. Na wewe jirani yangu wa ng'ambo ya Chepilat, usijifanye hunisikii ati kwa sababu ni mambo ya maziwa ya Wakipsigis. Umekunywa kwangu miaka kumi na bado hujasema umeshiba.

Mimi shule sikuingia. Nilifika mpaka kwa geti, baba akaniita kuna ng'ombe imepotea, nikarudi, na hiyo ng'ombe naitafuta mpaka leo. Lakini gredi ya nne nimesoma. Tena nimepita vizuri. Mjukuu wangu ndiye alikuwa ameandikwa kwa rejista, lakini mwenye kusoma alikuwa ni mimi.

Si mnajua hii masomo ya siku hizi? Mtoto anarudi nyumbani anasema, mwalimu ametaka tulete filimbi, kesho tulete kikapu, kesho kutwa tulete sanamu ya kutisha ndege. Mjukuu wangu akifungua mdomo tu, mimi nishashika panga. Ile filimbi nilichonga ililia mpaka mbwa wote wa Sotik wakaitika. Sanamu ya ndege niliivalisha koti ya marehemu mzee wangu, ikatoka nzuri mpaka watu wakawa wanaisalimia barabarani. Kuna mtu alisimama akaiuliza habari ya nyumbani, akakasirika haimjibu.

Mtoto mwenyewe alikuwa anakaa kando, anakula mahindi, ananiangalia. Mama yake anafanya kazi ya maua Naivasha, ameniachia huyu msichana mmoja, na mimi nilikuwa nimeapa hakuna kitu itamuumiza. Nilimfunga viatu. Nilimbebea begi mpaka kwa mlango wa darasa. Uji nilikuwa nampulizia ipoe, na ako na miaka kumi.

Basi muhula wa pili madam wao akasema kila mtoto atengeneze mursik yake, yale maziwa yetu ya kulala na makaa, kwa kibuyu chake mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Siku ya wazazi kila mmoja atamimina yake kwa kikombe, wageni waonje. Huyo madam ni binti wa hapa hapa, mdogo, mwembamba, ukimwona unafikiria upepo ukija utambeba mpaka Siongiroi.

Mursik! Nikaona Mungu amenikumbuka. Kibuyu changu niliachiwa na mama mkwe. Ndani kimepakwa makaa mara nyingi mpaka giza yenyewe ikiingia huko inaomba taa. Maziwa ikilala hapo siku nne, inatoka laini, ukionja unasahau jina la bwana yako.

Lakini cha mtoto kilikuwa kipya, kimetoka shambani juzi. Na nyinyi ambao hamjui, sikizeni: kibuyu kipya ni kichungu. Hata ukikibembeleza. Unatoa mbegu, unaosha, unajaza maji, unamwaga. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unaingiza makaa, unasugua ndani na ile fimbo yetu tunaita sosiot. Unachemsha maziwa, unangoja ipoe, unaweka. Siku nne unafungua, chungu. Unamwagia mbwa, unaanza tena. Hakuna njia ingine. Mama mkwe alinifanyisha hiyo kazi mpaka nikataka kurudi kwetu.

Mtoto alijaribu mara moja, akaonja, akalia. Mimi nikamwambia, "Nyamaza, mama. Kogo yako yuko."

Kogo ni nyanya. Ndio mimi.

Siku ya kupeleka shuleni madam aangalie, nikamimina maziwa ya kibuyu cha mama mkwe ndani ya hicho kipya. Nikafunga, nikambebea, nikabaki nimesimama kwa dirisha la darasa ningoje sifa zangu.

Madam akaonja. Akafunga macho. Akaonja tena. Nikajua nimepita.

"Hii ni tamu sana," akasema. "Mara ya ngapi umeweka maziwa?"

"Mara ya kwanza," mtoto akasema, macho iko chini.

"Na kibuyu kilitoka shambani lini?"

"Wiki iliyopita."

Madam akageuka polepole mpaka kwa dirisha, akanisalimia. "Kogo, chamgei. Hebu ingia."

Nikaingia na meno yote nje.

"Kogo, hiki kibuyu kina wiki moja," akasema. "Lakini hii maziwa iko na miaka arobaini."

Darasa ikalipuka. Msichana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Kumbe gredi ya nne ni kogo!" Wakaishika hiyo kama wimbo, wanapiga na madawati. Mimi pia nikacheka, si mnanijua, mimi nikichekwa nacheka kushinda wanaonicheka. Halafu nikamwangalia mjukuu wangu. Alikuwa amevuta sweta mpaka imefunika mdomo, na kibuyu amekisukuma mbali naye kama kitu ya mtu mwingine.

Madam akanitoa nje.

"Kogo, wewe nakupa alama zote. Umepita. Sasa niletee ya mtoto."

"Madam, yake ni chungu."

"Lete hiyo chungu."

"Watamcheka!"

"Si wamemcheka leo? Na ilikuwa tamu."

Mimi nimenyamazisha baraza mzima, chifu ndani. Hapo nikabaki kufunga leso yangu upya.

Akaniambia pole pole, bila kunigombeza. Ati yeye akiweka karatasi mbele ya huyu mtoto, mtoto anakaa tu. Akimuuliza anangoja nini, anasema anangoja aende nayo nyumbani. "Si ati hawezi, kogo. Hajawahi kujiona akiweza." Halafu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaikamata, akanionyesha. "Mimi nikifundisha, hii ndiyo kazi ngumu. Kuongea ni rahisi. Lakini mtoto anakosea mbele yako, unaona vile angefanya, na unakaa hivi. Kuna siku natoka darasani vidole imekufa ganzi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Siku ya wazazi imebaki wiki tano. Akiwa na kibuyu, wewe kaa nje."

"Nje ya wapi?"

"Ya jiko."

"Jiko yangu?"

"Ndio, kogo. Jiko yako."

Na Jumamosi akakuja mwenyewe, akachukua kipande cha makaa, akachora laini kwa mlango wangu. Akatoa kigoda, akakiweka uwanjani, akanikalisha. Nimezaa watoto saba kwa hiyo nyumba, sijawahi kuwekwa nje hata na marehemu.

Jamani, kukaa ni kazi. Mimi nimechuma chai tangu hii milima iko vichuguu, sijawahi kuchoka hivyo. Nilikaa mpaka kuku ikatagia mguu wangu. Nilikaa mpaka nyasi ikanizunguka, ng'ombe ikaja kunikula nikaifukuza. Na masikio yangu iko ndani. Namsikia anakohoa moshi, najua kijiti ni kibichi. Nasikia maziwa inamiminwa, nanusa, najua bado ina moto.

"Mama! Hiyo maziwa..."

"Kogo, uko nje?"

"Niko nje."

"Basi kaa."

Ameshajifunza kwa madam huyo.

Alipofungua, chungu, tena imekatika kwa sababu iliwekwa ikiwa moto. Mbwa alinusa akaenda kulala kwa jirani. Akaweka ingine, ameipoza vizuri sasa, lakini makaa kidogo, anaogopa kuchafua mikono. Chungu. Mbwa alikunywa nusu, akaniangalia mimi, kama ni mimi.

Ya tatu alisugua mpaka akawa mweusi kuliko chungu cha maharagwe. Siku nne, akafungua, akaonja, akatema. Akatoka mpaka nilipokaa, akaniwekea kibuyu kwa mapaja.

"Kogo, nifanyie."

Ilikuwa imebaki siku nane. Mtoto analia makaa, machozi nyeusi inashuka. Na mimi hicho kibuyu ningekisugua vizuri nikiwa nimefunga jicho moja. Mikono yangu iliinuka yenyewe, naapa, sikuituma. Nikaikamata. Nikaiweka kwa kigoda, nikaikalia. Hapo ndipo nilijua yule madam mwembamba ako na nguvu ya ng'ombe dume.

"Siwezi," nikamwambia. "Niko nje."

Akalia kama saa mbili. Sawa, haikuwa saa mbili, lakini kwangu ilikuwa mwaka. Halafu akanyakua kibuyu kwa mapaja yangu, akaenda kumwagia mbwa, kwa hasira. Akasimama hapo. Baada ya kitambo nikamsikia, sauti imebadilika.

"Kogo. Leo amemaliza."

"Nani?"

"Mbwa. Kwanza alikataa, halafu akakunywa nusu. Leo amelamba mpaka sahani."

Hiyo mimi sikuwa nimeona. Macho yangu yote, na miaka yangu yote, sikuona. Akabeba kibuyu chake, akaingia, akaanza kuosha. Hakuniuliza kitu.

Siku ya wazazi nilivaa leso mpya, nikakaa mbele. Watoto wamepanga laini na vibuyu vyao. Wageni wakifika kwa wangu, wale wa nyuma wanaanza kunong'ona, wananiangalia mimi. Begi alikuwa amejibebea. Akamimina mwenyewe. Akamwaga kidogo kwa kiatu cha mwalimu mkuu, akapanguza na sweta, akaendelea.

Mwalimu mkuu akaonja. Mimi nilikuwa nimekalia mikono. Akalamba mdomo. Kulikuwa na uchungu kidogo pale mwisho, nilijua baadaye nikionja, uchungu mdogo kama wa majani machanga. Haikuwa ya mama mkwe. Akanyoosha kikombe, "Ongeza."

Nilikunywa hewa yote ya hiyo uwanja.

Halafu si huyo mwalimu akageukia watu wote, akauliza kwa sauti, "Na ni nani amekusaidia kutengeneza kitu nzuri hivi?"

Darasa yote ikageuza shingo kwangu. Madam akaniangalia.

"Ni kogo," mtoto akasema.

Madam akafunga macho. Mimi nikatafuta shimo.

"Amekusaidia na nini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Alikaa nje."