Mpira wa Baiskeli na Uzi wa Kioo

Ukanda mmoja wa mpira wa baiskeli, mwembamba kama kidole, ulitosha kunyamazisha chumba kizima cha kiwanda cha maziwa. Mitambo ilizunguka na maziwa yalipita kwenye mabomba, lakini skrini ya msimamizi haikuonyesha hata namba moja kutoka chumba cha baridi. Ukanda huo niliuona kwa macho yangu, na aliyeufunga namfahamu. Ni jirani yetu.

Hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tuna kikundi cha watu wanane wanaolaza nyaya za mawasiliano. Kiongozi wao ni Mama Sifa, Mkongomani wa Uvira, aliyefanya kazi hiyo kwao miaka mingi kabla ya kukimbia. Hivi karibuni kiwanda kimoja cha Mbarara kiliwapa kazi ya majaribio: kulaza kebo moja ya faiba, yaani yenye nyuzi za kioo ndani, kutoka chumba cha baridi hadi chumba cha usimamizi. Ikifaulu, wangepewa majengo yote yaliyobaki. Isipofaulu, kiwanda kingerudia nyaya za shaba, na wao wangerudia majembe. Jumatatu ikaja simu kwamba laini haisomi. Mama Sifa akapewa mpaka kesho yake saa kumi jioni, magari ya maziwa yanapoingia. Kikundi kikanituma mimi, ninayewaandikia mihutasari ya mikutano, niende nione na nirudi nieleze, ili watu wasigombane kwa maneno ya kusikia.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Juru kwa baiskeli. Mama Sifa alikaa nyuma ya Papa Evariste, mashine ya kuunganishia nyuzi ikiwa mapajani, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Papa Evariste ni Mrundi. Kabla ya kujiunga na kikundi alibeba ndizi na madumu ya maji kwa baiskeli, na mizigo yake inasifiwa kwa kutolegea hata kwenye mawe.

"Mama, shikilia hiyo mashine," alisema kwenye mteremko.

"Miye niko naishikilia. Weye shikilia breki, papa."

Isingiro, karibu saa tatu. Tuliziacha baiskeli kwa muuza maharage anayemjua Papa Evariste, tukapanda pikapu ya kiwanda. Njiani, migomba ikipishana na ng'ombe wenye pembe ndefu, nilimuuliza Mama Sifa kwa nini kiwanda kihangaike na kioo wakati shaba ipo.

"Moteri ikiwaka, inatoa kelele ya kuran, ya umeme," alisema. "Shaba inasikia ile kelele yote, inachanganya manamba. Kioo ye haisikie kitu. Mule munapita mwangaza tu."

Akaongeza kwamba shaba huchoka baada ya mita mia moja hivi, na radi ikipiga jengo moja inaweza kuufuata waya hadi la pili. Kioo hakiipi radi njia.

Mbarara, saa nne na nusu. Tulipita Ruharo, mbele ya hospitali ya misheni ambako watu walikuwa wakiota jua ukutani, tukaingia kiwandani. Bwana Tumwine, msimamizi wa mitambo, Mnyankore mrefu mwenye buti nyeupe za mpira, alitupokea mlangoni.

"Karibu, watu ya Nakivale. Lakini laini yenu imelala."

"Imelala tu, shefu. Haiyakufa," Mama Sifa alimjibu.

"Sikia, nyabo. Waya ya zamani ilikuwa nadanganya. Maziwa iko baridi, yeye nasema iko moto. Lakini ilikuwa naongea. Hii yenu nanyamaza kabisa. Mimi nachukua mwongo, naacha bubu."

Mama Sifa alicheka, kisha akafungua kisanduku cha maungio. Alivipangusa vichwa vya nyuzi kwa spiriti, akavikata ncha upya, akavitazama kwa darubini ndogo, akaviunganisha tena kwa ile mashine. Maungio yalikuwa mazima. Vipande vya kioo alivyokata alivitia kwenye kopo la Vaseline lenye kifuniko, kimoja kimoja, kwa sababu kikizama kwenye ngozi hakionekani tena. Sijawahi kuona mtu mwenye haraka akifanya kazi taratibu vile.

Saa saba mchana alitoa tochi nyembamba kama kalamu, inayotuma mwanga mwekundu ndani ya uzi. Upande wa pili haukutokea.

"Sasa tutafute fasi mwangaza inapotelea," alisema.

Tuliifuata kebo hatua kwa hatua. Nyuma ya mashine za kupoozea, mahali penye giza, tuliukuta mwanga ule. Kebo ilipinda kwenye nguzo ya chuma, na pale kwenye kona ganda lake la njano lilikuwa linawaka wekundu, kama kaa linaloonekana kupitia majivu. Juu yake palikuwa na mpira wa baiskeli, umezungushwa mara tano na kukazwa kwa mafundo matatu.

Papa Evariste aliinama, akayagusa mafundo.

"Mafundo yangu hayajawahi kuangusha dumu," alisema polepole.

"Najua, papa. Dumu haiogope kukunjwa. Mwangaza ukiukunja sana, unatoka inje."

Bwana Tumwine alitoa kisu. Mama Sifa akamzuia: kikiteleza, kebo nzima ingelazwa upya, na saa kumi isingetungoja. Ikabidi Papa Evariste afungue kwa vidole mafundo aliyoyafunga ili yasifunguke kamwe. Kucha mbili zilitoa damu. Bwana Tumwine alirudisha kisu mfukoni, akamshikia taa.

Saa tisa na robo kebo ilikaa upya kwenye kona, imezungushwa kwa duara pana kama sahani ya wali na kushikwa kwa vitambaa laini vya kunata. Namba zikatokea. Bwana Tumwine akaamuru mashine zote za kupoozea ziwashwe kwa pamoja. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyetu. Namba hazikutikisika.

"Huyu hapana ongopa," alisema, "na naongea."

Tulirudi kwa njia ileile, tukafika Juru giza likiwa limeshaingia. Nilichojifunza ni kwamba kila kazi ina nguvu zake. Mikono inayojua kukaza ni mikono mizuri, na Papa Evariste alijifunza kulegeza mchana mmoja, mbele ya watu, bila kununa. Hilo naliheshimu kuliko hata uzi wenyewe.

Lakini kabla hatujaondoka, Bwana Tumwine alileta karatasi ya vipimo ili fundi atie sahihi. Chini ya jina palikuwa na nafasi ya namba ya cheti cha fundi. Cheti cha Mama Sifa kilibaki Uvira, ndani ya nyumba ambayo hajui nani analala humo sasa. Aliandika jina lake lote, akatia sahihi, akaiacha nafasi ile tupu. Bwana Tumwine aliitazama, akamtazama yeye, akaipeleka hivyo hivyo kwa mkurugenzi. Leo ni Ijumaa. Laini inasoma. Kuhusu majengo mengine, kiwanda hakijasema kitu.