Makro na Jina la Mjane

Mimi si mtu wa kuambiwa "haiwezekani" na kisanduku cha ujumbe kwenye kioo cha kompyuta. Kibanda changu cha kuchapa hapa Busia, upande wa Uganda, kinaishi kwa programu za mazishi: picha ya marehemu, mpangilio wa ibada, kisha orodha ya familia. Huku kwetu orodha hiyo ni ushahidi. Usipoandikwa mke, baada ya matanga utaulizwa shambani unatafuta nini.

Asubuhi ile mjane kutoka Masaba alikuja kuchukua programu niliyomwandikia juzi yake. Mumewe alikuwa azikwe kesho yake. Akafuatana na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyepewa kazi ya kuisoma mbele ya waombolezaji. Nikafungua faili. Kisanduku kikaruka: makro imekosa kitu inachokitafuta. Nikabonyeza sawa, programu nzima ya kuandikia ikajifunga. Nikarudia. Yale yale!

"Ya nini kusumbuka, dada?" shemeji akasema, akitoa flashi mfukoni. "Niko na PDF, imeandikwa huko Kenya. Chapa hii tu."

Ya kwake ilifunguka bila taabu. Nikaisoma yote. Ndugu wa marehemu walikuwepo, watoto walikuwepo, hata wakwe. Mke hakuwepo.

"Mimi niko wapi hapa?" mjane akauliza.

"Nafasi ilikuwa kidogo."

Nafasi! Mwanamke amezaa na kulima kwenye boma lile, leo amekosa mstari mmoja?

Nikamwita fundi wa kibanda cha pili. Akatazama kisanduku, akatikisa kichwa. "Mama, hii tufute yote, tuweke mpya."

"Thubutu!" nikamwambia. Jina la mjane lilikuwa humo ndani, na shemeji alishaanza kutabasamu.

Nikakaa nikajiuliza. Makro ni amri zilizofungwa pamoja ili mashine ijifanyie kazi yenyewe, wala haizaliwi tu, lazima kuna aliyeileta. Juzi mashine ilikuwa nzima. Jana nilifanya nini? Aibu ikanishika. Jana nilivuka kwenda kwa mwenzangu wa upande wa Kenya kumwomba kiolezo kimoja tu cha programu. Lakini sisi wa mpakani tukivuka haturudi na kitu kimoja. Nilinakili folda yake nzima, nikaimwaga kwenye folda ya vitu vinavyowaka pamoja na programu ya kuandikia. Sasa nikaifungua. Haya, mgeni wangu huyo: makro ya kuchapa vibandiko vya bei vya duka lake, inatafuta printa iliyobaki Kenya! Tamaa yangu mwenyewe.

Nikaihamisha, nikafungua upya. Kisanduku hakikutokea.

"Hiyo ya zamani ina makosa," shemeji akasema haraka.

"Makosa nimeshayatoa," nikamjibu, nikabonyeza chapa.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, mjane aliipokea ingali na joto. Akatafuta kwa kidole mpaka akafika penye neno mke na jina lake. Hakulia. Akamgeukia shemeji yake, akamwekea karatasi mkononi.

"Shika, shemeji," akamwambia. "Soma sasa, nikusikie. Kesho usije ukaruka mstari."