Ombwe na Ombi

Shangazi yangu alipiga chapa kazi za watu kwa miaka thelathini na moja. Tulimpa jina la Koma. Ukimletea karatasi yenye kosa hakuulizi, anasahihisha tu, na kwangu mimi hata salamu alizisahihisha. Tabia hiyo ilinikera tangu utotoni.

Baba, kaka yake, alikuwa mwalimu wa fizikia. Mapafu yalipomgomea, akaandika kijitabu kwa mkono kuhusu namna shimo jeusi la angani linavyoweza kuchochea kuporomoka kwa ombwe. Alinieleza akiwa kitandani. Ombwe ni pale tunapodhani hapana kitu kabisa, alisema, na huenda utulivu wake ni wa muda tu, kama bakuli lililowekwa rafu ya juu. Shimo jeusi dogo linaweza kulisukuma. Hapo kingeanza kiputo, kitanuke karibu kwa kasi ya mwanga, kigeuze kila kitu.

"Hutapata hata nafasi ya kusema loo!" Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini usiuze kitanda. Ni nadharia tu."

Alitaka jambo moja: akishike kijitabu hicho kimechapwa kabla hajafumba macho.

Koma alikimaliza kwa siku nne. Neno ombwe hakuwahi kulisikia maishani. Akadhani kaka amechoka, mkono unateleza, akaiamuru kompyuta igeuze kila ombwe kuwa ombi. Hakumwambia mtu.

Tulikipeleka hospitali kikiwa bado kinanukia gundi. Baba alikishika kwa mikono miwili, akalia. Macho yake hayakuona tena maandishi, basi Koma akamsomea. Ukurasa wa kwanza tu, baba akainua kidole.

"Ombwe," akanong'ona.

"Ombi gani, kaka? Sema nikutimizie."

"Omb-we."

"Ndiyo, ombi. Unataka maji?" Akamletea maji.

Baba alimtazama sana, kisha akampapasa mkono. "Basi, mdogo wangu. Soma."

Akasoma mpaka mwisho. Baba alifariki keshokutwa yake, asubuhi.

Mwalimu mwenzake alipokuja kutupa pole, alifungua kijitabu, akakunja uso. "Mbona shimo jeusi linaangusha ombi?"

Koma akaleta daftari la baba. Akapitisha kidole chini ya neno lile, herufi moja moja. Mwandiko ulikuwa safi, haukuteleza popote.

"Alikuwa ananisahihisha," alisema. "Kaka yangu alibakiwa na neno moja, nami nikamletea maji."