Shangazi na Pasi Kisimani

Shangazi yangu ni dobi, na ukitaka akukasirikie mwambie kisima chake kina mwisho. Kiko uani, nyuma ya kamba za kuanikia, na tangu nimezaliwa namsikia akisema hakina kitako.

Sasa mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Kuvuta ndoo kutwa, mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa mabeseni, hata chuma kingechoka. Akahamia mkono wa kushoto, ndoo inapanda imepinda, nusu ya maji yanarudi yalikotoka. Akiba yake ilitosha pampu moja tu. Akikosea kuchagua, ndio basi, anarudi kwenye kamba na bega lake bovu.

Tukaenda dukani. Shangazi akanyooshea kidole pampu kubwa kuliko zote. Muuza pampu, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, wala hakuishusha. Akamuuliza kisima kinakwenda chini mita ngapi, maji yanaanzia wapi, mdomo una upana gani, na ukiyachota yanarudi mbio au yanajivuta. Shangazi akayajibu yote kwa mpigo: kirefu. Yule mama akacheka, akamwambia nenda kapime kwanza, dada yangu, pampu hainunuliwi kwa macho.

Haya, tukarudi kupima. Jirani yetu fundi cherehani, tunamwita Sindano maana ni mwembamba na anachoma kwa maneno, akaja na utepe wake wa kazini. Upana wa mdomo ukawa mita moja na kidogo, hiyo rahisi. Kisha tukafunga vitambaa kwenye kamba ndefu ya kuanikia, kimoja kila mita. Cha kuifanya izame? Shangazi akaleta pasi yake ya mkaa iliyostaafu.

Pasi ikashuka. Kitambaa kikapita, kingine, kingine, kamba inakwenda tu. Shangazi anatabasamu mpaka masikio yanasogea. Kamba yote ikaisha, mita thelathini.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona, nyie watu wa dharau?"

Sindano akaishika kamba. Akaanza kuvuta. Kamba ikaja nyepesi, nyepesi, nyepesi, halafu ghafla nzito. Kumbe pasi ilishatua chini zamani, sisi tunazidi kuilisha kamba, nayo inajikunja huko kama nyoka aliyeshiba.

"Bibie," Sindano akasema, "hapo hujapima kisima. Umeanika kamba majini."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi naye akajikaza wee, akashindwa, akacheka.

Ikabidi kamba ya kuanikia nayo ianikwe, maana ilivyolowa hovyo tusingejua maji yanaanzia wapi. Ilipokauka, Shangazi akaishusha mwenyewe polepole, kila kitambaa anaipandisha kidogo asikie kama pasi bado inavuta. Kwenye mita kumi na mbili uzito ukamtoka mkononi. Tukaitoa, tukahesabu sehemu iliyolowa. Mita tatu.

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mita tatu, akasema, hilo si ziwa, hilo ni sufuria. Nikaona anavyolishika lile bega, nikaacha kucheka.

Lakini swali la muuza pampu lilikuwa bado: yanarudi? Ili kujua, lazima uchote mfululizo bila kupumzika, na bega halitaki. Sindano akapanda juu ya kiti, akatangaza juu ya ukuta wa ua kwamba leo maji ya dobi ni ya bure, leteni nguo chafu. Walivyokuja! Mapazia, mito, mpaka mzee mmoja na kofia yake kichwani, anasema iosheni hivihivi. Tukavuta kwa zamu, povu uani mpaka magotini, na pasi, kila mara kwa kamba kavu nyingine, ikituambia maji yanashuka, yanashuka, mpaka yakabaki nusu. Shangazi akasimama mdomoni mwa kisima kama askari: sasa asiguse mtu.

Basi, kabla zile nguo za kwanza hazijakauka, tukashusha kamba kavu. Mita tatu zimerudi zote, hazina hata deni.

"Kifupi," Shangazi akasema, "lakini hakina uchoyo."

Dukani safari hii alimwaga majibu kabla hajaulizwa. Yule mama akainama kwenye rafu ya chini, akatoa pampu ndogo ya kuzamishwa majini, nyembamba kama chupa. Akatueleza ile kubwa ingekunywa yote kwa pumzi moja, ikaanza kuvuta tope, ikaungua. Hii inakunywa kwa kiasi, na kisima kinapata muda wa kujaza.

Fundi wa pampu akaifunga, ikaning'inia juu kidogo ya tope. Bomba likakohoa, likatema hewa, halafu maji yakaja, meupe kabisa, beseni likajaa lenyewe. Shangazi akavuta kiti, akakaa, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto umeshika kikombe cha chai.

"Taratibu, mwanangu," akaiambia pampu. "Mashuka hayakimbii."