Bluu Iliyovuka Kona

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa waendesha pikipiki wote alikuwa Kioo, maana bomba la moshi likipita mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi hiyo hiyo, kung'arisha kromu, katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa gereji. Alikuwa na benchi, ndoo mbili, makopo ya polishi na matambara ya fulana kuukuu. Kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote, na mkewe alishachoka kuzisema.

Kabla ya hapo alijifunza injini kwa miaka mitatu kwa fundi mmoja mkali, ambaye hakuruhusu mwanafunzi kugusa spana kabla hajachuchumaa kulitazama bomba. Bomba jipya likipata moto, fundi alieleza, hugeuka dhahabu karibu na injini, kama chai ya rangi iliyopauka. Hilo ni la kawaida. Chuma kikiwa cha moto hukutana na hewa na kuota utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Moto ukizidi, utando unanenepa na rangi inahama: dhahabu, kahawia, zambarau, mwishowe bluu.

"Bluu kidogo shingoni, sawa," fundi alikuwa akisema. "Ikivuka kona ya bomba, acha kila kitu. Injini inavuta hewa nyingi, mafuta kiduchu. Inaungua ndani kwa ndani."

Kioo aliyashika hayo yote, kisha akaziacha injini. Injini ikitengenezwa vizuri hakuna anayeiona, lakini bomba liking'aa mtaa mzima unageuka. Alipenda kuulizwa, "Hili kalisafisha nani?" Hakuwa na makuu mengine duniani zaidi ya hilo.

Mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliolewa na mwendesha pikipiki, mcheshi asiyejua kunyamaza. Kila alipokuja, Jumamosi asubuhi, shemeji huyo alisimama mlangoni pa kibanda na kupiga honi mara tatu hata kama Kioo alikuwa hatua mbili tu mbele yake.

"Shemeji! Nimekuletea mgonjwa!"

Mara ya kwanza bomba lilipokuja limegeuka bluu, Kioo aliliona kabla pikipiki haijazimwa. Rangi ilikuwa imefika kwenye kona. Akasema, "Hii imekuja mapema." Shemeji akajibu kwamba kesho yake alikuwa na kazi ya kumbeba bwana harusi, asimwaibishe. Kioo akachukua msasa laini, akafuta, akapaka polishi, akasugua mpaka jasho likadondokea kwenye chuma. Watu wa harusi wakauliza nani kalisafisha, na shemeji akaja kumsimulia. Kioo alicheka wiki nzima.

Baada ya wiki mbili bluu ilirudi, na safari hii ilikuwa imevuka kona kwa upana wa vidole vinne.

"Mwambie fundi aitazame kabureta," Kioo alisema, lakini alilisema kama mtu anavyosema karibu chai ilhali birika halina kitu. Mikono yake ilikuwa tayari kazini.

"Fundi ataniweka juani siku mbili," shemeji alisema. "Halafu inachomoka siku hizi! Nikigusa tu, inaruka."

Kioo alijua kwa nini inaruka: ilikuwa inakula hewa kuliko mafuta. Alijua pia kwamba kati ya kabureta na injini kuna mpira, na mpira ukipasuka hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Mpira wenyewe ulikuwa kiasi cha shibiri moja kutoka mahali alipokuwa anasugua. Kuupapasa kwa kidole kungechukua muda mfupi kuliko kufungua kopo la polishi. Hakuupapasa. Shemeji alikuwa anamchekesha, chuma kilikuwa kinaanza kurudisha sura yake, na ile ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote.

Jumamosi nyingine alifuta kwa mara ya tatu, na safari hii hata fundi hakumtaja.

Siku tisa baadaye, mchana kweupe, shemeji alikuwa anateremka mteremko wa kiwanda cha matofali, peke yake. Pistoni ilikwama, gurudumu la nyuma likajifunga, na lori lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama. Alikufa palepale.

Pikipiki ililetwa gereji ikiwa imepinda. Watu wakaizunguka, wakabishana juu ya tairi, juu ya breki, juu ya dereva wa lori. Kioo alichuchumaa. Bomba alilolifanya kioo siku tisa zilizopita lilikuwa bluu tupu mpaka katikati. Akapeleka kidole kwenye mpira, na ukucha wake ukazama kwenye ufa.

Msibani walimpa pole kama walivyowapa wengine. Mdogo wake alimshika mkono, akasema, "Angalau wewe ulimtunzia pikipiki yake, kaka. Alikuwa anatamba nayo." Kioo aliuondoa mkono wake, akaenda kupanga viti vya wageni.

Wiki mbili alilibeba jambo hilo peke yake, kisha akaenda kumwambia mdogo wake. Alimkuta uani anafua nguo za watoto. Akamweleza yote: rangi, hewa, mpira, Jumamosi tatu.

"Rangi haiui mtu, kaka," mdogo wake alisema. "Siku yake ilifika. Usijitese."

"Ilikuwa ni dalili, mdogo wangu. Mimi nikaifuta."

Mikono ya mdogo wake ikasimama ndani ya povu. "Jumamosi ile ya mwisho, ulipolishika bomba, ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Hata njiani alikuwa amelijaribu jibu hilo.

"Nilijua."

Mdogo wake hakupiga kelele. Alikamua gauni dogo, akalikung'uta, akalianika, akabana vibanio viwili. Kisha akasema, bila kugeuka, "Usije tena hapa." Kioo alisubiri aongeze neno, hata tusi. Mwanamke akachukua beseni na kuingia ndani, na komeo likasikika.

Alijaribu kurudi mara mbili. Mara ya pili watoto walimwona kupitia dirisha, wakaitwa, na pazia likashushwa.

Kibandani alianza kukagua kila pikipiki kabla ya kuishika. Alipapasa mipira, akauliza maswali, akawafukuza watu kwenda kwa fundi. Wateja wakamchoka. "Kioo, nimekuja kung'arishiwa, sikuja kuhubiriwa," walimwambia, wakavuka barabara kwa mng'arishaji mpya aliyefungua upande wa pili na asiyeuliza kitu.

Asubuhi moja alikuja kijana mwenye bomba la bluu iliyovuka kona. Kioo alimwomba aizime, amtazamie mpira bure, dakika moja tu. Akamwambia kwamba pikipiki kama hiyo imemuulia shemeji yake. Kijana aliangalia saa, akasema ana abiria anamsubiri, akavuka barabara. Haikupita saa nzima akapita tena mbele ya kibanda akiwa na abiria wake, bluu yote imeshafutwa na bomba likiwaka juani. Kioo alikimbia nyuma yake akipunga tambara na kupiga kelele. Injini ilikuwa inapaza sauti kuliko yeye, na pikipiki ikakata kona.

Alirudi, akafunika makopo ya polishi moja moja, akaketi. Mpaka saa ya kufunga hakuna mtu aliyekuja.