Beseni la Sato na Tuzo ya Vitabu

Watu wa Mwanza wanalijua tayari, lakini mgeni inabidi aambiwe: mimi nina stashahada. Sisemi cheti cha semina ya chai na maandazi. Ni stashahada ya ufundi wa majokofu, na niliipata Ulaya ya kaskazini, ambako baridi yenyewe ni mwalimu wa zamu. Hakuna aliyenilipia. Niliosha sufuria za watu, nikazoa theluji milangoni mwao, nikasoma, nikafaulu, nikarudi. Leo nina nyumba Buzuruga yenye vigae mpaka jikoni, na karakana inayotengeneza majokofu ya samaki kuzunguka ziwa. Ukila sangara asiyenuka, usinishukuru sana, lakini ujue.

Wenzangu wengi waliorudi walifungua baa. Mimi nilifungua sura ya kwanza. Niliandika kitabu kuhusu maisha yangu, kwa sababu nilitafuta mada iliyo bora kuliko hiyo nikaikosa. Kwenye jalada la nyuma nikaweka picha yangu nimevaa suti, uso umegeukia ziwani kidogo, kama mtu anayewaza mambo mazito. Mpiga picha aliniambia nisitabasamu. Nilimtii, na nilipendeza.

Sasa, mjini kuna maktaba moja ambayo huwatunza waandishi wa huku kwetu kuliko hata wake zao wanavyowatunza. Karibu na mlango wameweka rafu ya vitabu vilivyoandikwa na watu wa kandokando ya ziwa. Ukipeleka nakala zako wanazigonga muhuri, wanazipa namba, wanazipanga pale mbele ambapo hata aliyeingia kukwepa mvua ataziona. Jumamosi moja moja wanakupa meza na maji ya chupa, unasoma kurasa zako, watu wanakuuliza maswali. Na maktaba hiyo ndiyo inayosimamia tuzo ya vitabu ya kanda. Majaji ni wasomaji wa kawaida wa pale: muuguzi, muuza vipuri, mwanachuo, na wengine wa namna hiyo.

Nilisikia habari za tuzo hiyo nikajua imetengenezwa kwa ajili yangu. Tatizo lilikuwa mtu mmoja, mwalimu mstaafu wa Butimba, ambaye naye alikuwa na kitabu cha hadithi. Mwalimu huyu alisimama kwenye Jumamosi yangu, mbele ya watu, akasema kwa sauti yake ya ubao na chaki: "Kitabu ni kizuri. Ila tuzo hii ni ya waandishi wa hapa. Ndugu yetu ni mwandishi wa Ulaya, akashindanie huko."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile nilifika nalo nyumbani. Nilizaliwa kwenye ukoo wa wavuvi wa Majita na nikakulia Mirongo, hapa hapa mjini. Mtu aliyekula furu wa kuchoma, visamaki vyetu vya ziwani, kabla hajaota meno ataambiwaje yeye si wa hapa? Nikaapa kwamba kitabu changu kitaingia kwenye tuzo hiyo na kitasomwa na watu wa hapa kuliko chake.

Nilimuuliza dada mkutubi, yule anayesimamia rafu yetu, majaji wanaanzia wapi. Akasema huwa wanatazama kwanza vitabu vinavyoazimwa. Hilo lilinitosha. Nikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nikaandika ujumbe wa kuwakumbusha damu yetu, nikawaomba kila mwenye miguu aende maktaba akajiandikishe na kuazima kitabu cha mtoto wao.

Ukoo wangu sijawahi kuudharau, lakini siku hiyo niliuheshimu. Walikwenda. Dada mkutubi alinipigia kwa furaha kuniambia hajawahi kupata wanachama wapya wengi namna hiyo, tena wote wa ukoo mmoja, na rafu yangu imebaki tupu. Nilijisifu kwa mke wangu jioni nzima. Yeye alisema tu, "Haya," neno ambalo kwa wake wa Mwanza lina kurasa nyingi.

Wiki zikapita. Halafu siku ya Alhamisi dada mkutubi akapiga tena.

"Mwandishi, kitabu chako kinapendwa sana," alisema. "Tatizo hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Hapa. Nakala zote zilitoka na hakuna hata moja iliyorudi. Kesho mchana majaji wanachukua vitabu vya kusoma. Ambacho hakipo mezani hakishindani."

"Basi nakuletea kingine sasa hivi. Ninavyo kwenye buti la gari."

"Hatupokei kutoka mkononi mwa mwandishi. Mwaka jana mwandishi mmoja alileta nakala za majaji na kila moja ameifunga pamoja na kitenge. Lazima iwe nakala yetu, yenye muhuri wetu. Hata moja tu itatosha, watapokezana."

Ndipo nilipofanya kazi ya kuwasaka ndugu zangu kwa simu. Na ndipo nilipogundua tulichokuwa tumekosea. Kwa watu wengine kitabu cha kuazima ni kitabu cha kuazima. Kwetu kile kilikuwa na picha ya mtoto wa nyumbani. Nakala moja ilikuwa imevuka na binamu kwenda Ukerewe, imewekwa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi. Nyingine ilikuwa Majita kwa mjomba, ambaye aliniuliza kwa masikitiko ya kweli, "Sasa nikurudishe kwa watu baki? Wao ni nani zako?" Kila niliyempigia alinijibu hivyo hivyo. Mtoto amekuja nyumbani, unamtoaje nje?

Nakala pekee iliyokuwa karibu ilikuwa Mirongo, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilipotambua hilo nilikaa chini kwanza.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye huniita mume wangu, mimi humwita mke wangu, na lolote analonifanyia siruhusiwi kununa. Mtani akishika kitu chako ndiyo amekishika. Hukinyang'anyi wala huendi kushtaki. Unakikomboa kwa sharti atakalotoa yeye. Na bibi yangu, ambaye mpaka leo anauza samaki na kuwafokea wavuvi kwa bei, ni mtu wa kutoa masharti.

Ijumaa asubuhi nilimkuta uani na wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani, wanaparua sato. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu vyangu vya Ulaya, kwa kuwa nilipanga nikitoka hapo nipite moja kwa moja maktaba. Kitabu nilikiona kupitia mlango ulio wazi. Kilisimamishwa kwenye meza ndogo, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu uliyenitelekeza. Umeleta matumizi au umeleta viatu?"

"Nimekuja kuchukua kitabu. Maktaba wanakitaka leo."

"Kile ni mahari yangu," alisema, na kisu hakikusimama. "Umenioa miaka yote hii hujatoa hata mbuzi. Nimepata kitabu, unakuja kukichukua. Jamani, mmeona mwanamume?"

Wanawake walisema wameona, na kwamba kwa kweli hajanona.

Nikamweleza habari za tuzo, za mwalimu wa Butimba, na neno lile la mwandishi wa Ulaya. Alisikiliza vizuri. Kisha akaniambia kwamba kitabu chenyewe wamekuwa wakikisoma pale uani kila baada ya sala ya jumuiya, na kwamba kuna mahali kimewagomea kooni.

"Umeandika ulikuwa unabeba beseni la samaki kichwani kila asubuhi, kutoka mwaloni kwa wavuvi mpaka sokoni, ndipo uende shule."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Beseni la nani?"

"Lako."

"Na mimi nilikuwa wapi? Maana tumetafuta kitabu kizima sijaonekana."

"Karatasi ni ghali, mke wangu, na wewe ni mnene."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha sato. Bibi hakucheka. Mtani mzuri huwa hacheki.

"Sidai kuandikwa," alisema. "Nadai kuiona hiyo shingo. Mimi nakumbuka mtoto aliyekuwa anabeba mizani. Beseni simkumbuki nalo."

Nikamwambia amezeeka, amesahau, maana beseni nililibeba na mpaka leo nasema nililibeba. Akasema hakuna ubishi, dawa ni ndogo. Kulikuwa na beseni la sato la kupelekwa kwa mama lishe anayepika nyuma ya maktaba. Nikilifikisha kichwani bila kulishika kwa mikono miwili na bila kumwaga hata samaki mmoja, kitabu kimekombolewa. Nikishindwa, kitabu kinabaki kwa Moyo Mtakatifu na mwalimu wa Butimba ashinde kwa amani.

Nilijua kabisa kwamba amepata mchukuzi wa bure. Lakini ilikuwa inakaribia mchana, na mimi si mtu wa kukimbia mtihani. Akanikunjia ngata kwa kitenge chakavu, wanawake wawili wakanitwika. Nilikuwa nimesahau samaki walivyo wazito wakiwa na maji yao. Shingo ilitoa sauti ambayo jokofu likiitoa namwambia mteja anunue jingine.

Tukatoka. Mimi mbele, bibi nyuma yangu amekipakata kitabu, na jumuiya nyuma yake wakiimba wimbo wa kutoa sadaka, jambo ambalo sikuliona la lazima. Mtu niliyezoea kupita barabara hizo nikiwa nimepandisha vioo nilikuwa sasa naonekana vizuri. Waendesha bodaboda kwenye kijiwe chao waliacha mazungumzo.

"Bosi, panda, beseni tutalifunga kwa mpira," mmoja alisema.

"Mwacheni," bibi alijibu. "Anathibitisha ukurasa."

"Ukurasa gani, bibi?"

"Njooni maktaba mtasomewa."

Wengine wakaja kweli. Fundi mwashi aliyekuwa juu ya ukuta aliuliza kama Ulaya wamenifukuza. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nina stashahada. Akasema hata beseni analiona limetulia kisomi. Maji ya samaki yalikuwa yameshapata njia kwenye ukosi na yalikuwa yanashuka mgongoni, ya baridi, taratibu. Lakini beseni halikuyumba. Na ninyi mnaosoma niwaambie: mkono mmoja tu niliutumia, wa kushoto, na huo nao nilikuwa nautoa mara kwa mara ili watu waone.

Kwenye ngazi za maktaba alikuwa amesimama mwalimu wa Butimba, amekuja kuhakikisha kitabu chake kipo mezani. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akafika kwenye beseni.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. Kuinama sikuweza.

"Marahaba. Unahamia?"

"Nimeshahama, mwalimu. Nalifikisha hili tu."

Mama lishe alipolipokea lile beseni, bibi aliwahesabu sato wake mmoja mmoja bila haraka, wakati mimi natazama mlango wa maktaba. Hakukosekana samaki. Akageuka kwa wanawake wake akasema, "Haya, inawezekana alibeba." Zaidi ya hapo hakutoa, na kwa bibi yangu hizo ni sifa nyingi. Kisha akapanda ngazi mwenyewe na kumkabidhi dada mkutubi kile kitabu kwa mikono miwili, kama anayekabidhi bi harusi.

Dada mkutubi alikigeuza, akakinusa, akaninusa na mimi.

"Bibi, kimechelewa sana hiki."

"Kilikuwa kazini, mwanangu. Uani kwangu hakuna asiyekijua. Muulize yeyote humu."

Dada mkutubi akawatazama wale waliotufuata, ambao walikuwa wamejaa mlangoni na sasa walikuwa wananyoosha shingo kuiona rafu. Mama mmoja wa jumuiya akaanza kumsimulia sura ya tatu bila kuombwa, mwingine akamkatiza kwamba hapo ameruka. Dada mkutubi akakigonga muhuri wa kurudi na kukiweka juu ya vile vingine, pale mezani. Kabla mchana haujakwisha majaji walikibeba.

Matokeo yalikuja kutoka baadaye, na nitayasema haraka. Nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Butimba, ambaye amelelewa na vitabu tangu utotoni. Mimi nilianzia kwenye beseni, kwa hiyo mkipima mwendo na siyo mahali mtu alipofika, mnajua wenyewe nani alikwenda mbali. Mwenyekiti wa majaji alisema changu ndicho kitabu pekee kilichofika mezani kikinuka ziwa, na kwamba muuguzi alilazimika kukisomea barazani. Mwalimu akanipa mkono mbele ya watu akaniita "mwandishi mwenzangu wa hapa". Neno hilo sikulilipia, nililibeba.

Lakini ushindi wangu nauhesabu tangu Jumapili iliyofuata baada ya lile beseni, wakati hakuna jaji aliyekuwa amesoma hata ukurasa. Niliamka shingo imekaza kama bomba lililoganda. Kanisani padre aliposema tutakiane amani, niliwageukia waumini wa kulia mwili mzima, nikawageukia wa kushoto mwili mzima, taratibu, kidevu juu. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ona anavyoringa, na hata tuzo hajapewa."

Sikumsahihisha. Nilimgeukia na yeye, vilevile, nikampa amani.